Yahusu Kiporo Kilichoongezeka kwa Ushauri Wenu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

Pole na kazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye njaa, maana hali zote mbili nitazihitaji huko mbele.

Mimi ni mpishi mstaafu. Nimepika katika shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, wanafunzi mia nne, milo mitatu kwa siku, na sijawahi kuunguza isipokuwa mara moja, siku ya ukaguzi. Miezi saba iliyopita waliniaga kwa keki, ambayo niliikata mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kugawa, na wakanizawadia sufuria kuukuu ya watu sitini iwe kumbukumbu. Tangu siku hiyo nashinda kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, nikiwatazama wapita njia na kuwakadiria mchele.

Mke wangu ana jiko lake na hapendi wageni ndani yake. Sikukuu hii, sijui kwa huruma au kwa kuchoka kuniona pale nje, akanikabidhi upawa, akasema tutakuwa watu wanane. Nami nilikusudia kupikia watu wanane. Kosa ni la mkono. Kichwa kilisema nane, mdomo ukasema nane, mkono ukaendelea kumimina kwenye ile sufuria ya zawadi mpaka uliporidhika, na mkono huu huridhika pale pale uliporidhika miaka yote. Mchele wa kutulisha miezi mitatu ulikuwa umeiva kabla ya saa tano asubuhi. Uliiva vizuri, hilo naomba liandikwe.

Kesho yake mke wangu alikuja, akatazama, akazungumza kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa. Alisema kama vyombo hivi havitakuwa vitupu kufika Jumamosi, jiko linarudi kwake, nami narudi kwenye kiti changu. Leo ni Alhamisi. Nisikufiche, naogopa. Sina kazi nyingine ninayoijua, na kukaa bure kunanimaliza.

Katika hali hiyo nikaikuta makala yenu, "Njia Kumi na Mbili za Kibunifu za Kumaliza Chakula cha Sikukuu." Niliifuata neno kwa neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Njia ya kwanza inaanza hivi: chukua vikombe viwili vya wali uliobaki. Naomba kujua mwandishi anaishi na nani. Vikombe viwili ni ule wali unaoganda kwenye upawa. Mimi nina mabeseni matatu na ndoo moja yenye mfuniko, mbali na sufuria yenyewe. Friji letu limejaa, la binti yangu limejaa, na muuza soda wa pale kona ameondoa soda zake ili kunisitiri.

2. Hakuna njia hata moja inayopunguza. Zote zinaongeza. Wali unataka mayai na unga ili uwe madonge ya kukaanga. Nyama inataka vitunguu, nyanya na maharage. Nilizidisha vipimo vyenu kulingana na kiporo changu, kama mpishi yeyote mwenye akili zake angefanya. Nilianza na mabeseni matatu ya wali. Sasa nina mabeseni mawili na nusu ya wali, pamoja na madonge mia mbili na kumi. Nikarudi kwenye makala kutafuta dawa ya madonge, nikaambiwa niyavunjie kwenye supu. Nimepika supu. Kwa mwendo huu, nikifika njia ya kumi na mbili nitakuwa na chakula kingi kuliko siku ya sikukuu yenyewe.

3. Njia ya sita inasema, "Washirikishe majirani." Fundi cherehani wa nyumba ya pili alipokea siku ya kwanza kwa mikono miwili na siku ya pili kwa mkono mmoja. Siku ya tatu nilibisha hodi, cherehani ikanyamaza ghafla. Nilisimama pale na bakuli langu nikiwasikia watu wazima wanne wakibana pumzi. Nilikohoa kidogo, ili wajue kwamba nimejua. Kinyozi naye amebandika kikaratasi mlangoni kwamba amesafiri, na redio yake inaimba ndani.

4. Kuhusu familia. Binti yangu ni muuguzi. Siku hizi anakula hospitali, na anasema chakula cha wagonjwa kimekuwa kitamu sana. Mkwe wangu, dereva wa lori, alikubali kubeba vibakuli vichache awapelekee wenzake. Sasa walinzi wa kazini kwao wanamkagua anapoingia badala ya anapotoka.

5. Lalamiko hili lilipaswa kuwa la kwanza, ila nilikuwa naona aibu. Njia ya tisa inasema wali uliopondwa na maziwa hung'arisha uso. Nilijipaka. Kwa kuwa kiporo kilikuwa kingi, nilijipaka mpaka mabegani. Mke wangu akatokea mlangoni, akaketi kwenye kizingiti, akaniuliza taratibu: Mume wangu, sasa kiporo mpaka kukivaa? Nilitaka kumjibu, lakini midomo ilikuwa imeganda. Njia ya kumi inasema wali hufanya gundi nzuri ya karatasi. Ni kweli. Nimebandika picha zote za ukoo ukutani na zimeshika barabara. Sisimizi wa mtaa mzima wamekuja kuwaona wazee wetu.

6. Utaniuliza kwa nini nisimwage. Nimejaribu. Nilibeba beseni mpaka kwenye pipa la taka, nikasimama nalo, nikarudi nalo. Mtu aliyewagombeza watoto mia nne wasibakize hata punje hawezi kuonekana na majirani akimwaga beseni zima, hata kama majirani wenyewe wamejificha.

7. Kwa hiyo nimefikiri sana, na naleta ombi moja la haki. Sikukuu ni siku ya kula chakula cha sikukuu. Chakula cha sikukuu bado kipo. Basi sikukuu haijaisha, na waliorudi makazini wamerudi kimakosa. Naomba gazeti lenu liwatangazie wananchi warejee mezani. Ofisi zifungwe mpaka Jumamosi jioni. Watoto wavishwe tena nguo mpya, hata kama zimeshachanika magotini. Wageni wote warudi walipokuwa wamekaa, wakiwa na njaa ile ile waliyokuja nayo, na watakaoshindwa kuipata waeleze sababu kwa maandishi. Mwandishi wa makala akae mbele kabisa, apewe vikombe vyake viwili, kisha tuendelee kumpa.

Ombi hili likikataliwa, nitalazimika kuleta supu ofisini kwenu mimi mwenyewe. Sitakuja na bakuli.

Nisalimie wapiga picha, wachapaji, mlinzi wa getini na yule bwana anayetunga chemshabongo. Msalimie pia mwandishi wa makala, na umpe pole, kwani inaonekana hajawahi kualikwa popote.

Ni mimi katika kushiba,
Mpishi Mstaafu

Nyongeza baada ya kutia sahihi: Nilitoka kwenda posta na barua hii nikakuta mtaa umefungwa. Mafundi wa bomba la maji wamekuja kuchimba mtaro, watu sitini na wawili kwa jicho langu, na katika hesabu hii jicho langu halikosei. Mke wangu alikuwa ameshatoa beseni la kwanza nje. Walikula wali, wakala madonge, wakanywa supu, wakaomba na ndoo. Fundi cherehani alitoka mafichoni kwake na sahani, akakuta foleni. Kufika saa saba vyombo vyote vilikuwa vitupu, siku mbili kabla ya muda niliopewa, na nilipaswa kuruka kwa furaha.

Ndugu Mhariri, hakikutosha. Watu sita wa mwisho walipata mchuzi mtupu, na mmoja wao alinishukuru kwa adabu kiasi kwamba nilitamani ardhi inimeze. Katika maisha yangu ya kazi hakuna aliyefika mbele yangu na sahani akaondoka hivyo. Tafadhali chana barua hii yote, na kama mnayo makala ya namna ya kuongeza chakula, nitumie haraka. Mke wangu ameniambia mafundi watakuwepo mpaka Jumanne. Halafu akanisukumia jikoni, akaniambia: Kesho usinipikie kidogo tena.