Nilivyomkagulisha Mkwe Wangu Uwanja wa Nyuma

Leo nimeaibika mbele ya mkwe wangu, tena kwa makalio. Nawaandikia wenzangu nikiwa nimelala kifudifudi, maana kukaa siwezi.

Mnaujua uwanja wangu wa nyuma. Ukitoka mlango wa jikoni ni mteremko mpaka kwenye ua wa minyaa. Kabla ya mavuno Doto, mjukuu wangu, pacha wa Kulwa, alibingirika huko hadi chini, utomvu wa minyaa ukamwingia jichoni. Tukamwosha kwa maziwa, akapona. Lakini baba yake, Masanja, yule fundi wa mashine mgodini, akamtuma binti yangu Kabula aniambie: "Kulwa na Doto hawalali tena kwa bibi yao mpaka ule mteremko utengenezwe. Nitakuja kuukagua mwenyewe."

Kukaguliwa mimi. Na mtoto niliyemwoza binti yangu.

Wajukuu ni wangu, nikameza. Nikakumbuka yale matuta ya kukinga maji ambayo bwana shamba alitulazimisha kulima kwenye pamba (tulimtukana sana, Mungu atusamehe). Nikawaamrisha wanangu wachimbe mteremko, waukate vibaraza vitatu na kuvizuia kwa mawe. Cha juu cha kupikia. Cha kati nikamwaga mchanga wa mtoni, watoto wachezee. Cha chini nikapanda viazi vitamu, mtoto akianguka aangukie majani. Katikati ngazi za udongo. Uwanja ulipendeza hadi majirani wakawa wanapita kuomba moto wakati kwao unawaka.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa nimekaa.

Leo asubuhi, siku ya ukaguzi, nikaona ngazi zimefifia. Nikachanganya mavi ya ng'ombe na majivu, nikaanza kusiriba. Mke wa mwanangu, Mama Shija, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Mama, ngazi usizisiribe leo. Kuna mawingu, hazitakauka. Zitateleza."

"Wewe ulipozaliwa mimi nilikuwa nasiriba."

"Sawa mama. Mimi nimesema tu."

"Umesema, nimesikia. Nenda kachambue mchele."

Nikasiriba zote, zikang'aa kama kichwa cha katekista wetu.

Sasa Mama Asha, wewe uliyetoka mbali na kwetu, nikueleze. Kwetu mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yako, hawatazamani uso kwa uso. Akija huku, wewe unapita kule. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Ndiyo heshima yenyewe. Mpango wetu ulikuwa Masanja akague, mimi nijifungie chumbani nisikilize sifa zangu dirishani.

Masanja amekuja mapema. Nimesikia Kabula anaita ndani ya nyumba, "Mama, tunapita nyuma." Mimi niko juu ya ngazi na ungo wa mchele, nimemnyang'anya Mama Shija niuchambue mwenyewe. Mlango wa jikoni ndio huo wanaotokea. Kushoto ukuta, kulia zizi. Njia iliyobaki ni kushuka nikajifiche nyuma ya minyaa.

Nimekanyaga ngazi ya kwanza. Ya pili sikuikanyaga, imenikanyaga yenyewe.

Nimepita kibaraza cha kati nimekaa, mchanga wote nikauzoa. Ungo umenipita. Kaniki imebaki juu kabisa ya magoti, zaidi ya hapo siandiki. Nimesimamishwa na viazi.

Nikainua kichwa. Masanja amegeukia ukuta, paji la uso limegusa udongo, kofia ameishika mkononi. Mkwe mwenye adabu. Akauamkia ukuta:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu toka kwenye viazi.

"Mama Kulwa, muulize mama kama ameumia."

Kabula amejiziba mdomo kwa kanga. "Mama, unaulizwa kama umeumia."

"Mwambie sijaumia. Mwambie nilikuwa napima matuta."

Mama Shija akarudi ndani haraka, eti mchele unaungua. Mchele ulikuwa bado kwenye ungo. Ungo nilishuka nao mimi.

Masanja akakohoa, akakohoa tena. Kisha: "Mwambie mama, matuta ni mazuri. Mtu mzima ametoka juu, hakufika kwenye minyaa. Watoto hawatafika. Walale hapa wakati wowote."

Nikataka kupiga kigelegele pale pale chini, nyonga ikanikataza.

"Ila mwambie na hili," akasema. "Zile ngazi bibi asishuke peke yake. Watoto wawe wanamshika mkono."

Wamenipandisha wajukuu wenyewe, waliokuja na wazazi wao, Kulwa huku, Doto kule. Tulipofika juu Doto akasema, "Bibi, rudia."

Wajukuu nimewapata. Wanalala hapa leo, kazi yao kunilinda. Nanyi mkitaka kucheka, basi geukieni ukutani kama Masanja. Yeye nilimwona mabega tu, yakitikisika.