Nyuki wa Kuazima

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mambo ya aibu! Watu wa filamu wanakuja kambini kwetu Nakivale kutoka Mbarara, na wanakuja kwa nani? Kwa Marcienne! Mjane Mrundi, jirani yangu, mwanamke ambaye mikono yake inanuka mavi ya ng'ombe mwaka mzima. Anasuka mizinga kwa matete, anaisiriba kwa mavi, anaitundika kwenye miti, nyuki wanaingia wenyewe. Basi. Hiyo ndiyo kazi. Na filamu nzima juu yake! Eti inahusu ufugaji wa nyuki wa asili na uhusiano wa mwanadamu na maumbile. Mimi nina uhusiano na maumbile tangu nizaliwe. Yananinyeshea kila masika kupitia paa.

Jioni nikaenda kumsalimia Mzee Nicodème, yaani kumwona binti yake, Yvette. Mzee akanikalisha, akaniambia wazi: "Pacifique, binti yangu simupi mwanaume wa maneno. Ulete kazi yenye kuonekana." Nikamkumbusha kibanda changu cha kuchaji simu. Akasema kibanda anakijua, na sola yake imekufa tangu Pasaka. Jean-Paul alikuwa amekaa palepale. Huyu ni fundi cherehani, anashonea nusu ya kambi suruali na kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Akatabasamu. Siwezi kuvumilia mtu anayetabasamu huku anakunywa chai ya mkwe wangu.

Njiani nikapata akili. Kazi yenye kuonekana! Kuna kinachoonekana kuliko filamu?

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Marcienne na Wakatoliki wenzake wote wako misani. Nafasi nzuri ya kuikagua mizinga yake bila kuulizwa maswali. Nikausogelea mmoja, ule ulio kwenye mgunga wa mpakani mwa kiwanja chake. Nyuki mmoja akatoka, akanizunguka, akarudi ndani. Sikukimbia. Nilitembea kwa haraka.

Kuanzia leo babu yangu wa Fizi, kule Kongo, alikuwa mfugaji mkubwa wa nyuki. Kwa kweli alikuwa na mbuzi mmoja, na mbuzi huyo alimshinda. Lakini marehemu habishi.

Jumatano, 4 Juni

Mbarara! Nimewapata watu wa filamu huko Kakiika. Mkubwa wao ni msichana wa miwani anayeitwa Teta, na mpiga picha wake ni Gaju, kijana mwenye mabega na maneno machache. Walinipa chai ya maziwa matupu. Nikawasimulia habari za babu na nyuki wake, mpaka mwenyewe nikakaribia kulia.

Teta akasema amekuwa akitafuta mtu kama mimi. Akaniuliza kama naweza kusema mbele ya kamera kwamba nyuki ni wakimbizi kama sisi. Watu hawa! Wakija Nakivale wakakuta mbuzi, mbuzi naye ni mkimbizi. Nikamjibu naweza kulisema hata mara mbili, moja na machozi, moja bila. Kuhusu Marcienne nikamweleza kwamba yule mama ni mzee, anaogopa kamera, mimi ndiye msemaji wake. Teta akafurahi. Jumamosi wanakuja, na mimi nitafungua mzinga wangu.

Gaju akanitazama viatu, kisha uso. "Wewe hapana ogopa nyuki?" Kiswahili cha askari! Nikacheka kwa dharau, kama anavyocheka mfugaji.

Nilipokuwa nimeshafika Kaberebere, njiani kurudi, ndipo nikakumbuka kwamba sina mzinga.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kwa Marcienne nimebeba sukari na unyenyekevu. Nikamwomba aniuzie mzinga wenye nyuki. Akashtuka kama nimemtukana marehemu mumewe. Kwao nyuki hawauzwi! Anayepewa nyuki anakuwa ndugu, na ndugu hamuuzii ndugu. Upuuzi mtupu. Lakini nikainamisha kichwa nikamwita shangazi, akalainika. Akanipa ule wa kwenye mgunga. Mzinga ule aliusuka pamoja na mumewe mwaka waliofika hapa, na nyuki wake hawajawahi kuhama.

Kumbe kuna masharti! Mwenye ugomvi haendi kwenye mzinga; nitafute kwanza amani na kila niliyekosana naye. Tena nisiguse sabuni ya manukato, nisile ndizi mbivu siku hiyo, nijipake mavi ya ng'ombe mikononi na nijifukize moshi, ili nyuki wanichukue kama mtu wa nyumbani. Na asali tusiikombe yote, tuwaachie nusu.

Nusu! Mimi nikivuna muhogo, nawaachia panya nusu?

Akaniambia pia, huku anakoroga mavi na maji kwenye shimo lake la kusiribia: "Wewe Pacifique, jina lako maana yake ni amani, na kila nyumba una neno nayo." Sikumjibu. Ndugu hajibizani na ndugu.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya matayarisho.

Amani na Jean-Paul: nimeitafuta. Nilisimama mlangoni kwake akiwa anashona, nikamsamehe moyoni, nikaondoka. Aliniuliza nilikuwa nataka nini. Nikamwambia hakuna kitu. Imekwisha hiyo.

Mavi ya ng'ombe: hapana! Mwanaume wa Kivu aonekane kwenye filamu ananuka zizi? Na Yvette akiwepo? Mama yangu angenikana hadharani. Kwetu mtu akiitwa kupigwa picha, hata ya kitambulisho, anavaa. Nimetoa kostimu yangu, suti ya rangi ya maziwa. Viatu vimeng'aa. Ushindi kinyozi amenichonga nywele, kisha nikamwomba ile parfum yake, manukato ya harusi. Akasema tone moja linatosha. Ushindi ni mtu wa matone. Ndiyo maana bado hajaoa.

Nimewaalika Mzee Nicodème na Yvette waje washuhudie kazi yenye kuonekana. Mzee amekubali! Akaongeza kwamba kama ni kweli, tutakuwa na mazungumzo. Mazungumzo! Usingizi utatoka wapi?

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa jicho moja. Lingine limefunga.

Asubuhi ilianza vizuri. Nikaoga na sabuni ya waridi, nikala ndizi ya bogoya, mbivu, kubwa, ili nipate nguvu, nikajimwagia parfum. Teta na Gaju wakafika. Mzee Nicodème akaja na koti lake la kanisani, Yvette na kitenge kipya. Na nyuma yao, nani? Jean-Paul, amebeba kiti cha mzee! Nani alimwalika? Nikamsamehe tena, haraka haraka, kwa sababu kamera ilikuwa tayari.

Marcienne akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma. Akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, leo usiende." Wivu! Wazi kabisa! Akamwambia na Teta waahirishe. Nikamwambia Teta kwamba shangazi ana hofu ya kamera, nilishamweleza. Nikausogelea mzinga, nikageukia kamera, nikasema nyuki ni wakimbizi kama sisi. Vizuri sana. Teta akaomba nirudie nikiwa nimeweka mkono juu ya mzinga.

Nikaweka mkono.

Sijui nisemeje. Wale wadudu walitoka kwa pamoja kama watu wanaosikia ugawaji wa chakula umeanza. Walikwenda kwanza kwenye nywele, kwa kazi ya Ushindi. Nikapiga kelele. Nikapiga nyuki pia, na hapo ndipo waliponijua vizuri. Marcienne alikuwa anapaza sauti nisipunge mikono, nisimame. Asimame yeye! Nikakimbia kuelekea kwa watu, kwa sababu binadamu akipata shida anakimbilia watu. Watu wakanikimbia. Mzee Nicodème, mtu wa fimbo, aliruka ua wa minyaa! Jean-Paul akamfunika Yvette kwa kitambaa alichokuwa nacho begani na kumwingiza nyumbani. Kitambaa cha suruali ya mteja! Hana hata heshima kwa mali ya watu.

Mimi nikateleza, nikatumbukia katika shimo la Marcienne. Mavi mpaka kifuani. Kostimu ya maziwa!

Na nyuki wakaniacha. Hapo hapo. Wakanizunguka mara moja, wakaniona sina maana, wakaondoka. Nimegundua dawa ya nyuki, peke yangu, bila mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyenipongeza.

Gaju hakukimbia. Alikuwa amesimama bila kutikisika, kamera machoni, anapiga picha tu. Mtu hana utu.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Mdomo haupiti mlangoni.

Marcienne ameniletea uji na vitunguu vya kusugua. Kisha akasema mzinga uko mtupu. Nyuki wamehama, wote, na mama yao. Hakunipigia kelele. Alikuwa anatazama mikono yake tu. Akasema mumewe alizoea kuweka sikio kwenye mzinga ule kila jioni, na tangu afe, yeye ndiye aliyekuwa akiweka.

Ilinichoma, nakiri. Lakini haki ni haki: nyuki walikuwa wake, si wangu. Mimi niliazimwa tu. Nikamwambia hivyo, aelewe kwamba hasara si yangu. Akachukua bakuli lake akaenda.

Jumanne, 10 Juni

Wizi! Wizi mchana kweupe!

Nyuki wamepatikana. Wako wapi? Kwa Jean-Paul! Wameingia katika sanduku lake la mbao, lile la kuwekea vitambaa chakavu nje ya nyumba. Hakuwaita, hakujifukiza, hakufanya lolote. Alikuwa anashona na kuimba. Marcienne alikwenda, akaweka sikio kwenye sanduku, akacheka na kulia pamoja. Alimwambia Jean-Paul kwamba nyuki waliokuja wenyewe hawarudishwi. Sasa yeye ndiye ndugu, na atamfundisha kusuka mizinga. Wameshakata matete!

Na Mzee Nicodème? Amesimama mbele ya sanduku, uso bado umevimba upande mmoja, akatamka kwamba nyumba inayochaguliwa na nyuki ina baraka. Mimi walinichagua zaidi ya mtu yeyote katika kambi hii! Nina alama! Hilo halihesabiwi.

Nikaenda polisi kudai nyuki wangu. Afande alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Sasa, hii nyuki yako iko na alama gani?" Nikamwambia ni wa rangi ya kahawia. Akawaita wenzake nirudie.

Jumamosi, 28 Juni

Filamu imeletwa. Teta alitaka wenyewe waione kwanza kabla ya watu wa Mbarara. Kanisa lilijaa, madirisha yamezibwa blanketi, shuka limetandazwa ukutani. Niliwahi kiti cha mbele.

Marcienne anaongea karibu filamu nzima. Yule mama anayeogopa kamera! Mikono, matete, moshi, ile hadithi ya kuachia nusu. Watu wengine walijifuta macho. Kumbe walirudi kupiga picha bila kuniambia: hata Jean-Paul yumo, anasuka mzinga uliopinda kama ndizi. Kisha sauti ya Teta ikasema kwamba mwanadamu wa leo amesahau namna ya kubisha hodi kwa maumbile. Na hapo nikatokea mimi.

Nilitokea mzima, kuanzia viatu. Nimekimbia taratibu sana, wamenipunguza mwendo, na tai inapepea. Nikaingia shimoni. Kanisa lilianguka kwa kicheko! Mchungaji mwenyewe aliomba irudishwe. Wakairudisha. Wakairudisha tena. Kwa Marcienne hakuna aliyeomba irudishwe hata mara moja. Nadhani jambo liko wazi nani amebeba filamu hii.

Yvette alicheka mpaka akainama. Alikuwa amekaa kati ya mama yake Jean-Paul na dada yake Jean-Paul. Viti vilikuwa vichache, mtu alikaa popote. Ni kweli kwamba wiki iliyopita wazee wa Jean-Paul walipiga hodi kwa Mzee Nicodème wakiwa na mbuzi, debe la asali ya Marcienne na wasemaji. Na ni kweli Mzee alipokea. Kupokea si kutoa.

Wakati wa kutoka nilimfuata Mzee, nikamuuliza kama kazi sasa imeonekana. Akanishika bega, akasema: "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako." Watu waliokuwa karibu wakacheka upya. Sikuelewa kostimu imeingiaje hapo. Ile ni yangu, niliinunua mimi mwenyewe. Jean-Paul ameifua na kuishona mgongo, akakataa malipo. Nimemsamehe, moyoni.

Lakini hayo yamepita. Nilimsikia Teta akimwambia Gaju kwamba filamu yao ijayo ni juu ya viboko wa Ziwa Nakivale na watu wanaoishi nao. Nikamvuta pembeni. Nikamweleza kwamba babu yangu wa Fizi, mbali na nyuki, alikuwa na viboko. Gaju akaanza kukohoa, akaenda nje. Teta akauliza kama sitaogopa. Nikamwambia afikirie mwenyewe: nyuki ana sumu, kiboko hana. Kiboko anakula majani. Ni ng'ombe tu aliyelowa.

Kesho naenda kwa Ushindi kuomba ile parfum.