Mtaalamu wa Ushahidi na Kitunguu Saumu

Jamani, leo nimejivua nguo mwenyewe mbele za watu.

Kwa wasiojua kazi yangu: tuna tovuti inayofupisha utafiti wa afya, ule wa kurasa mia na maneno magumu, ukawa ukurasa mmoja, ili wakubwa wausome kabla ya kuamua mambo. (Wausome! Nacheka peke yangu.) Leo nilikuwa Nyamira mjini mbele ya kamati moja ya afya. Wakiikubali tovuti, kazi ninayo. Wakiikataa, narudi Magwagwa kuchuma majani chai ya baba.

Suti nimevaa. Projekta imewaka. Nikaanza kwa madaha: "Waheshimiwa, tuache kupanga afya ya watu kwa habari za WhatsApp!" Makofi. Kichwa kikavimba.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Kemunto, mama mpole wa miwani, akainua simu yake.

"Daktari," (mimi si daktari, ila sikumkatiza) "kuna ujumbe hapa. Ati ukiloweka kitunguu saumu kwa maji ya ndizi mbichi, unywe asubuhi, presha inaisha, dawa unatupa. Hebu ulizia hiyo tovuti yako."

Zawadi hiyo! Nikabofya. Jibu likatokea ukutani: hakuna utafiti unaounga mkono jambo hilo, mgonjwa asiache dawa. Ningenyamaza hapo ningelala vizuri leo. Lakini mdomo uliponza kichwa.

"Mheshimiwa, anayesambaza takataka kama hii alipoteza karo ya wazazi wake bure!"

Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa yeye.

"Kwani huyo mtu humjui?"

"Simjui, na sitaki kumjua!"

Akanigeuzia simu. Kundi letu la WhatsApp la kanisa, lenye watu wengi hata sijui nani yumo. Juu ya ujumbe, jina langu. Na picha yangu, nimevaa suti hii hii, natabasamu kama bwana harusi.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ujumbe huu uliutoa wapi, msomi?"

Nikatafuta jibu la kitaalamu. Likatoka hili: "Mama aliniambia nitume."

Mzee mmoja alicheka hadi akashika meza. Kemunto akavua miwani.

"Mimi nilikuwa karibu kuacha dawa zangu. Nilisema, kama ni huyu kijana wa utafiti ametuma, ni ukweli. Wewe uliusoma?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mbuya mono, vizuri sana. Na ulikuja hapa kutufundisha kusoma."

Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi. Niliona aibu ya kweli, nikamwomba msamaha. Tovuti wameipitisha, kwa sharti moja: mtu wa kwanza kufunzwa kuitumia ni mimi. Limeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Nimempigia mama simu nimgombeze. Akaniuliza, "Kwani nilikusomesha ndio unibishie?" Nikamwomba msamaha yeye pia.

Msinicheke. Nyinyi pia mna mama.