Presha ya Kitanda cha Nne

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daktari mkuu amechoka nasi. Amesema humu kwa wagonjwa mahututi presha hazielewani: mkanda wa mkononi unasema hivi, mrija wa mshipani unasema vile. Atakayezipatanisha atafanywa msimamizi wa vifaa. Moyo ukanidunda. Miaka kumi na mmoja ya uuguzi, sijasimamia hata ndoo.

Mpinzani ni mmoja. Muuguzi mwenzangu, tunamwita Pimamaji. Kitanda kikipanda au kushuka, anatoa mfukoni pimamaji la fundi mwashi, anasogeza kihisio cha ule mrija mpaka kilingane na moyo wa mgonjwa. Mara ishirini kwa siku! Nilimuuliza anajenga ukuta gani. Akasema nianze mimi kujenga akili.

Jumanne, tarehe 4

Pimamaji yuko mapumzikoni mpaka Ijumaa. Nafasi ndiyo hii.

Kihisio cha kitanda cha nne nimekifunga kwa plasta kwenye chuma cha ukutani. Kisihamehame. Mkanda wa mkononi nimeuvua kabisa. Wawili wakigombana, mtoe mmoja nje. Kutwa nzima hakuna ubishi. 130, imetulia kama maji mtungini.

Jumatano, tarehe 5

Sielewi.

Kitanda cha nne ni mzee, dereva mstaafu wa lori. Asubuhi alikuja binti yake. Mfupi, kwa hiyo nikakishusha kitanda mpaka mwisho ili akae amshike mkono. Presha ikawa 100. Akaondoka, nikakipandisha: 130. Jioni akarudi, nikakishusha: 99. Mzee mwenyewe hana habari, ananisimulia breki za lori.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Jibu ni moja tu. Binti.

Alhamisi, tarehe 6

Nimemzuia mlangoni. Nikamweleza kwa upole kwamba anamshusha baba yake presha.

“Kaka, huyu mzee namuuguza mimi tangu mama afariki. Leo ndiyo nimekuwa ugonjwa?”

Ameketi koridoni tangu saa tatu, chupa ya uji mapajani. Roho iliniuma kidogo. Lakini tarakimu hazina huruma.

Ijumaa, tarehe 7

Siku mbaya.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishusha kitanda ili mzee ajaribu kukaa. 98. Na binti hayumo! Nikachungulia koridoni: yupo, ameegemea ukuta. Nikaandika kwenye faili kwamba athari yake inapenya matofali.

Daktari mkuu akaja mbio, akaagiza dawa kali ya kupandisha presha. Bomba la sindano lilikuwa tayari. Ndipo Pimamaji akaingia, akaweka kiganja juu ya mkono wa daktari.

“Subiri, daktari. Moyo uko huku chini, kihisio kiko kule juu. Huyu mzee hana presha ya kushuka.”

Akabandua plasta yangu. Akalinganisha. 129. Akafunga mkanda: 128. Daktari aliirudisha sindano kwenye trei, akaniambia ile dawa ingeweza kumpasua mzee mshipa. Kisha akasoma faili. Akasoma tena.

Binti aliitwa. Alinipita kama anavyopita kabati. Usimamizi amepewa Pimamaji.

Jumamosi, tarehe 8

Nimelala nimeelewa kila kitu. Kihisio kinatakiwa kiwe usawa wa moyo. Basi! Na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nimefika kazini kabla ya Pimamaji. Nikasimama wima ukutani, nikapapasa kifua mpaka nikaupata moyo wangu. Hapohapo nikapiga mstari wa rangi nyekundu ya mafuta, isiyofutika, vitanda vyote sita. Vihisio vyote nimevifunga juu ya mstari. Plasta mbilimbili.

Saa mbili sasa. Presha za wagonjwa wote sita zimeshuka kwa mpigo. Pimamaji anapita kitanda hadi kitanda na mkasi, anakata plasta. Nimemshauri afunge madirisha: binti nimemwona getini.