Chai ya Kivumbasi Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Mchana kweupe, hapa hapa kwetu Msambweni.

Mnajua nimepeleka posa kwa kina Mwanasha, Lunga Lunga. Baba yake akasema kabla hajajibu, atakuja aone huyu kijana anaishi vipi. Leo ndiyo kaja. Sina gari, sina ghorofa. Nina vivumbasi! Vichaka vizima nyuma ya nyumba, nimevipanda kwa mkono wangu, na sasa vimetoa maua hadi nyuki wanapigana vikumbo. Majani yake nayakausha ya chai, nauzia hoteli za Diani. (Hoteli moja. Tena ndogo.)

Mzee akafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa kikombe. Akanusa, akanywa, akafumba macho.

"Mashaallah! Hii umeipanda mwenyewe?"

Hapo ulimi ukaniponyoka. "Mwenyewe, baba! Sitii dawa yoyote. Hakuna kinachogusa majani yale ila mvua na mkono wangu."

(Kwa nini sikunyamaza? Kwa nini?)

"Basi twende nikauone mti wenyewe." Akainuka, kikombe mkononi. Nikatangulia, kifua mbele, tukazunguka nyumba.

Lahaula!

Mama alikuwa amefua. Kamba yote ilikuwa imejaa mashuka. Kwa hiyo chupi zangu alikuwa amezitandaza juu ya vivumbasi. Zote! Moja ya buluu, mpira umelegea, nyuma ina tundu kama dirisha, ilikuwa katikati kabisa ya maua. Nyuki anaingia dirishani, anatoka.

Mzee akatazama chupi. Akatazama kikombe. Akatazama chupi tena.

"Ndipo ulipochuma hapa?"

"Baba, wallahi ni leo tu! Zimeanikwa kwa bahati mbaya..."

Mama akatokea na beseni, anatabasamu kwa heshima zote. "Karibu sana, kaka. Usijali hizo nguo. Huzianika hapo kila nikifua. Hukauka haraka, tena hunukia!"

Niliiomba ardhi ipasuke. Ilikataa.

Mzee akaimwaga chai polepole shinani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikasema basi, mke nimekosa. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akaushika ukuta, machozi yanamtiririka, na kofia ikamdondoka.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "njooni Ijumaa tuzungumze mambo ya posa. Lakini mkija, tafadhali, msituletee majani."

Nimekubaliwa, alhamdulillahi. Ila Mama mpaka sasa ananifuata nyumba nzima akiuliza mgeni alichekeshwa na nini. Naombeni msicheke. Mkishindwa, basi chekeni mbali naye, maana mimi sina uso wa kumweleza.