Hotuba ya Chairman Mutegi Kuhusu Hub ya Laare na Majani ya Winrose

Winrose, nimekukosea. Nimesema hiyo kwanza kwa sababu najijua. Nikishika microphone nikaanza protocol, naweza kufika mwisho nikiwa nimesahau kilichonileta, na leo sitaki kusahau. Sasa wacha nifuate protocol.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye tumeambiwa yuko njiani tangu saa tatu. Chief, Assistant Chief, na msaidizi wa Assistant Chief, nakuona hapo na kofia. Reverend, uliyetufungulia kwa maombi mpaka chai ikapoa. Walimu wakuu na walimu wasio wakuu. Viongozi wa wapakizi wa miraa wa Laare, Kangeta na Maua. Watu wa bodaboda, asanteni kwa kuzima pikipiki, isipokuwa yule mmoja. Kijana wetu Vincent, MC, ambaye ameniambia nina dakika kumi na mimi nimekataa. Wazee, akina mama, vijana, na yeyote ambaye sijamtaja ajue ametajwa, nawasalimu kwa Kimeru chetu: Muuga! (Umati: "Muuga!") Sijasikia! (Umati: "Muuga muno!")

Mimi naitwa Antony Mutegi, miaka hamsini na mbili, Chairman wa Kamati ya Utekelezaji, Uratibu, Ufuatiliaji na Uwezeshaji wa Laare Youth Enterprise Incubation and Innovation Hub, yaani kituo cha kuatamia biashara za vijana. (Makofi. Mtu anapiga mluzi.) Hapana, msipige makofi bado. Ngojeni msikie.

Nimealikwa kuongea juu ya mafunzo ya kuanzisha biashara ukiwa kijana, na kwa hiyo topic mimi ni expert, kwa maana nimeifundisha katika seminar kumi na nne, Embu mara sita, Maua mara tano, na zile zingine sikumbuki kwa sababu lunch ilikuwa nzito. (Kicheko.) Kulingana na takwimu za ofisi yangu, ambayo ni mimi, asilimia mia moja na kumi na mbili ya vijana walionisikiliza wamewezeshwa kikamilifu. (Gitobu wa bodaboda: "Chairman, hiyo kumi na mbili ya juu imetoka wapi?") Gitobu, hao ni wale walisikilizia kwa dirisha. (Kicheko.)

Na katika kila seminar nilikuwa nasimama hivi, nashika koti hivi, nasema: "Vijana, mimi nilianza nikiwa na miaka ishirini na tatu, panga moja, gunia moja. Niliona wapakizi wa miraa wa Laare wakikimbia kwa mashamba ya watu kuomba majani ya ndizi ya kufungia miraa, na huku pickup ya Nairobi inapiga honi na dereva anatukana. Nikajiuliza, kwani haya majani hayawezi kuletwa sokoni yakiwa tayari?" Watu wanaandika! Wengine wanatoa machozi!

(Mama Angeline, mpakizi: "Wee Mutegi, hiyo si story ya Winrose?")

Mama Angeline, wewe ni mwepesi kuliko kamati yangu yote. Ni ya Winrose. Mimi nikiwa na miaka ishirini na tatu nilikuwa kwetu nimelala. (Kicheko kikubwa.) Kama ni biashara, sijawahi kuuza hata yai.

Kwa wageni, Winrose ni huyo msichana wa sweta ya maroon, safu ya tatu, anayejaribu kujificha nyuma ya Mama Angeline. Huyo ndiye founder. Kwa hivyo nitawapa mafunzo yale yale ya seminar, lakini leo nawapa na jina la mwenyewe. La kwanza, Winrose hakuanza na kibao wala uniform. Alianza na kuangalia mtu amekwama wapi, akakaa hapo. La pili, alikuwa anatoa ule mti wa katikati ya jani, anakata yote saizi moja, na jani la chini ya rundo lilikuwa zuri kama jani la juu. Hakuficha yaliyoraruka chini. Mimi ningeficha. (Kicheko.) Na kuna kivuli. Jani likipigwa na jua linajikunja, ukilifunga linapasuka, na miraa inafika Nairobi imenyauka mteja anaikataa. Kwa hivyo Winrose alitafuta kona ya baridi chini ya paa la soko, akafunika majani na gunia lililoloa, na mpakizi akija saa sita anakuta jani laini kama la alfajiri.

Sasa, siku moja kule Embu, msichana anaitwa Wawira aliinua mkono akaniuliza, "Sir, na ni jani la ndizi gani nzuri?" Waheshimiwa, nilisikia jasho kwa mgongo. Nikakohoa. Nikamwambia, "Wawira, inategemea na vision." (Wapakizi wanashikana mabega kwa kicheko.) Na akaandika! Akapigia mstari! Kama kuna mtu anamjua Wawira amwambie chairman amesema hakuna jani la vision.

Tuendelee. Hub ilihitaji site. Nikafanya feasibility study ya kina, yaani nilitembea sokoni mara mbili nikila mahindi ya kuchoma, na katika kuzingatia vigezo vya kimazingira, kimkakati na kimaendeleo, nikapata kwamba kona nzuri kuliko zote katika soko la Laare, yenye kivuli, yenye wateja, iliyofagiliwa vizuri, ni kona moja tu. Sikujiuliza ni nani anaifagia.

(Gitobu: "Ulijua, chairman.")

Nilijua. Asante Gitobu. Nilijua vizuri sana. Nilimpa Winrose notisi ya siku moja, nikazungushia mabati, nikatia kufuli, nikaweka jiwe la msingi lenye jina langu kwa herufi za dhahabu, na jina la Hub kwa herufi ndogo chini. Tukapiga picha, tukachinja mbuzi. Winrose akahamia kando ya geti, kwa jua. Huu ni mwaka mmoja na miezi saba.

Halafu Jumatano iliyopita wakaja wageni. Wamevaa viatu vya kupanda mlima, wana kamera, wanasema, "Chairman, tuonyeshe hiyo Hub tumesikia habari zake Embu." Nikafungua kufuli. Ndani kulikuwa na nyasi mpaka magotini, jiwe langu, na kuku wa mtu ameatamia mayai. Nikawaambia incubation tayari imeanza. (Kicheko. Reverend anafuta macho.) Walicheka, nikafikiri nimepona. Tukitoka, wakamuona Winrose pale kwa geti, anageuza majani yake upande upande kama mtu anayepika chapati, yale ya juu yamejikunja tayari. Mgeni mmoja akamuuliza, "Dada, hii kazi nzuri hivi, nani alikufundisha?"

Winrose akaniangalia. Halafu akasema, "Ni chairman alinifundisha."

Wageni wakanipigia makofi. Mimi! Walipoingia kwa gari, Winrose akanifuata pole pole, akasema, "Chairman, nimekutetea mbele ya wageni. Na wewe nisaidie hiyo kona, hata futi sita tu. Wapakizi wamenipa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Wakikuta majani yamekauka tena, wanaanza kuchukua ya mtu wa Kangeta, na mimi nimekwisha." Waheshimiwa, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Andika barua, nakala tatu." (Umati: "Aaaah, chairman!") Ndiyo. Zomeeni. Mko na haki.

Nilifika nyumbani nikashindwa na chakula. Mke wangu Virginia akauliza, "Kwani leo mmekula kwa seminar?" Nikamweleza yote, mpaka yule kuku. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani, akasema, "Na kesho ukiamka utakuwa chairman wa nini?" Ndiyo maana nilipopigiwa simu na Vincent kuja hapa nilikubali haraka hivyo, na ndiyo maana mnaniona nimechangamka kama bwana harusi. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikiwa mwepesi hivi. Ni kama nimevuliwa viatu vya mtu mwingine.

Sasa simameni tupige slogan. Mimi nikisema Hub, mseme mnachokijua. Hub! (Umati: "Haiko!") Hub! (Umati: "Haiko!") Na kona! (Mama Angeline: "Ya Winrose!") Wote! (Umati: "Ya Winrose!")

Kwa kumalizia, kwa heshima na taadhima, nashukuru architect wa Hub, ambaye hakuchora. Kontrakta, ambaye hajazaliwa. Bodi ya Wakurugenzi, ambayo ilikuwa mimi na kalamu yangu. Na vijana mia tatu arobaini waliohitimu kozi, ambao majina yao nilitoa kwa kitabu cha wageni wa harusi ya binamu yangu. (Vicheko na mayowe.) Hub haijawahi kuwa, hata siku moja. Kile kilichokuwa pale ni biashara ya msichana mmoja, na mimi nikaifungia nje.

(Winrose, bila kusimama: "Basi lini, chairman?")

Ijumaa hii, Winrose. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wapakizi hawajafika, nitakuwa hapo na nyundo yangu. Mabati nitang'oa mwenyewe, nyasi nitafyeka mwenyewe. Panga nimeazima, na Gitobu amekubali kunionyesha vile inashikwa. Lile jiwe nitaliondoa hata kama ni kwa kulibingirisha mpaka barabarani. Halafu saa tatu nitasimama mbele ya wapakizi wote, bila microphone, niwaambie kona ni yako na akili ilikuwa yako, na nilichukua vyote viwili. Jumamosi wakija kukagua majani, watayakuta kwa kivuli.