Misumari Mitatu ya Pascoe Mhunzi

Jumatano, 11 Mei

Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wahunzi, salamu nyingi. Hujambo huko mbinguni? Mimi mzima, ila moyo unafuka moshi.

Padri Meriot amegawa nafasi za mchezo wa Mateso, utakaochezwa uwanjani Jumatatu ya Pentekoste. Mimi ni yule mhunzi anayekataa kufua misumari ya msalaba. Anadai mkono wake mbovu, na Mungu anauozesha kweli. Basi mkewe ndiye anayeifua. Na mke ni nani? Hicka! Mhunzi wa kule penye kinu cha kusagia nafaka, mshindani wangu miaka ishirini! Mwanamume mzima avae sketi, apige nyundo, mimi nishike mkono nikilia!

Na wazee wa kanisa watachagua baada ya mchezo nani afue bawaba za mlango mpya wa kanisa. Nani atampa bawaba mwenye mkono mbovu?

Nimemlalamikia padri. Kasema huyo mhunzi ndiye mtu mwema pekee katika sehemu hiyo. Sawa. Lakini wema haufui bawaba.

Alhamisi, 12 Mei

Nimesali, kisha nikambadilishia Hicka chuma. Nimemwekea kile kibovu kinachopasuka kikipigwa. Mazoezini misumari yake ikatoka imepinda, imechanika, ina meno kama msumeno. Nikafurahi!

Padri akatokwa na machozi. Kumbe kitabu cha mchezo kinataka misumari mibaya hivyohivyo, ili maumivu ya Bwana yazidi. Mzee wa kanisa akasema huyu ndiye fundi, maana nani mwingine anaweza kuharibu kwa ustadi namna ile?

Hicka akapandisha sketi, akaniuliza mbele ya watu, "Mume wangu, leo nikupikie nini?"

Jumamosi, 14 Mei

Wamenipaka uji wa shayiri na rangi nyekundu mkononi, tuone jinsi vidonda vitakavyoonekana. Nikarudi nyumbani navyo. Kosa! Mama Loveday alikuwa mlangoni na sufuria yake iliyotoboka. Akautazama mkono, akarudi nyuma. "Pole sana, baba Jory, Mungu akuponye. Ila mimi nina watoto." Kaipeleka kwa Hicka.

Nimeamua. Jumatatu mkono utapona palepale jukwaani. Ni muujiza tu, na Mungu hapingi miujiza.

Tamsin mke wangu kanishika bega. "Baba Jory, nakuomba. Siku moja tu, usiwe fundi."

Jumatatu, 16 Mei

Parokia nne zimejaa kwenye ngazi za majani zinazouzunguka uwanja! Msomaji wa kitabu alisimama nyuma yangu akininong'oneza maneno, kama desturi. "Ole wangu, mkono wangu umeoza." Mimi nikapaza sauti: "Mkono wangu umepona!"

Nikamsukuma Hicka. Sketi yake ikashika moto kidogo. Nikatwaa koleo na nyundo. Ee Mtakatifu Eloi, ungeona! Misumari mitatu, vichwa vya pembe nne, ncha kama sindano. Sijawahi kufua vizuri hivyo. Nikaiinua, nikawageukia wazee wa kanisa.

Kisha Mama Loveday: "Mshenzi! Mungu kamponya mkono, naye anamfulia Bwana misumari!" Mabonge ya udongo yakaanza kuruka. Wale wanaoigiza askari wa kumsulubisha Bwana wakanishukuru sana, wakasema hii ndiyo misumari. Hicka akapiga magoti na sketi yake iliyoungua, akanishika miguu: "Mume wangu, usiwape!" Hayo hayamo kitabuni! Parokia nne zikalia pamoja naye.

Jumanne, 17 Mei

Bawaba kapewa Hicka.

Mimi nimepewa toba: kwenda peku hadi kisima kitakatifu, kwenda na kurudi. Nimeenda. Njiani watoto walinizomea. Tangu asubuhi hajaja hata farasi mmoja kupigiliwa vyuma vya kwato.

Nimetubu kwa dhati. Kisha nimeitazama tena ile misumari. Kwa kweli ni mizuri.

Padri kasema mwakani mchezo ni wa Nuhu, nami nitakuwa mmoja wa wale wanaozama, bila neno hata moja. Nimemshukuru kwa unyenyekevu. Kabla ya kuzama nitapita karibu na safina, nyundo mkononi. Nimeshafua misumari arobaini.

Mtakatifu wangu, nijibu upesi, moto bado unawaka: vichwa viwe vya mviringo, au vya pembe nne?